Ungo Juu ya Friji

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kazi ya majaribio leo. Sijui ipi itaniletea balaa kwanza.

Niandike masharti yangu hapa nisije nikajidanganya baadaye. Kazi ni ukalimani wa simu. Daktari yuko nchi ya mbali, mgonjwa wake anajua lugha yetu tu, mimi nakaa katikati na vipokea sauti masikioni nikimgeuzia huyu maneno ya yule. Majaribio ni majuma kumi na mawili, mwisho kuna mtihani. Laini yangu ikikatika mara tatu katikati ya maongezi, kwaheri, hata mtihani sitauona. Nikifaulu napata mkataba, na nikipata mkataba napanga chumba changu mjini. Nina miaka thelathini na tisa. Nimetoka kwa baba nikaenda kwa mume, nimetoka kwa mume nikaja kwa kaka, na katika nyumba zote hizo sijawahi kushika ufunguo wa mlango wa mbele.

Kaka mwenyewe hayupo. Ni fundi mitambo kwenye kisima cha mafuta katikati ya bahari, miezi sita ndani, mmoja nje. Mkewe ana mimba ya miezi mitano. Mbili zilizotangulia ziliharibika, na safari hii daktari amemwamuru alale: kitandani, chooni (kiko mlemle chumbani), kitandani tena. Sebuleni marufuku. "Dada, kaa naye mpaka ajifungue," kaka aliniambia. "Wewe ndiye ninayemwamini." Basi yeye amefungwa na kitanda, mimi nimefungwa na yeye. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Usoni tunaitana wifi, kama ilivyo ada. Humu daftarini nitamwita Malkia. Ana glasi na kijiko, akitaka kitu anagonga. Leo amegonga mara kumi na moja.

Jumatano, 6 Machi

Imekatika. Siku ya tatu tu ya kazi, mzee wa watu anamweleza daktari kuhusu mkojo wake, mara kimya. Ya kwanza hiyo. Zimebaki mbili, na ya tatu ndiyo kwaheri.

Nilipoingia ndani kupumua Malkia akaniuliza mbona nimenuna. Nikamwambia, "Wifi, wifi imekata." Akasema, "Wifi hajakata, wifi yupo, anataka chai." Sikucheka.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimezunguka na simu mkononi kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Ruta ya wifi iko sebuleni juu ya friji, masikio yake mawili juu. Upande mmoja wa sebule ni chumba cha Malkia: vistari vinne, vyote vimejaa. Upande wa pili ni jikoni, kisha ukuta wa tofali, kisha ua, kisha ukuta mwingine, kisha mimi kwenye chumba cha uani chini ya bati: kistari kimoja, na kikiona wingu kinakimbia. Intaneti ya simu usiizungumzie. Tuko bondeni, na simu ya kawaida yenyewe hushika ukipanda juu ya tangi la maji.

Kuomba nihamie kufanyia kazi chumbani kwa Malkia sitaomba. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Tayari nakula kwake, nalala kwake, sasa niende na kumsemea magonjwa ya watu juu ya kichwa.

Kwa hiyo nimetengeneza dawa. Kuna msimamizi wetu wa kazi, mama mmoja mpole wa sauti, ndiye aliyenielekeza kwa mdomo kwenye laini ya kazi: chukua boksi gumu, likate nusu duara, libandike ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, ulisimamishe nyuma ya ruta. Mawimbi yaliyokuwa yanakwenda kila upande yanagonga karatasi na kurudi upande mmoja. Nimetumia boksi la viatu vya kaka na gundi ya ugali wa jana. Nimetoboa matundu mawili, masikio ya ruta yakapita. Nimeuita ungo. Mgongo umeelekea ndani, tumbo limeelekea uani.

Nimekimbia chini ya mvua mpaka chumbani kwangu. Vistari vitatu. Nimekaa kitandani nikavitazama kama mtoto aliyezaliwa leo.

Alhamisi, 14 Machi

Siku nne bila kukwaruza. Daktari mmoja amenisifu. Malkia amegonga mara sita tu.

Jumamosi, 16 Machi

Daraja dogo la chini limefunikwa na maji. Hakuna anayetoka, hakuna anayeingia, ila Mama Dobi, ambaye anakaa upande wetu huuhuu wa mto na huja Jumanne na Ijumaa. Nguo hazikauki popote. Nyumba nzima inanuka kama soksi.

Jumanne, 19 Machi

Imekatika ya pili.

Niliingia sebuleni mbiombio. Ungo ulikuwa umegeuzwa, tumbo limetazama chumba cha Malkia, mgongo kwangu. Nikaurudisha. Msimamizi ameniandikia kwa upole wake kwamba imebaki moja, na aliuliza kama kuna tatizo nyumbani. Nikamjibu palepale: "Samahani sana. Tatizo si mimi, tatizo wifi. Dhaifu mno, na siku za mvua ndiyo kabisa. Nikihama hapa nitakuwa nimeachana na shida zote hizi." Akajibu: "Pole. Jitahidi uhame mapema."

Leo ni siku ya Mama Dobi. Alikuwa anafuta friji.

Jumatano, 20 Machi

Umegeuzwa tena. Nimewahi kuuona kabla ya zamu. Mama Dobi leo hakuja, lakini labda ni jana kabla hajaondoka.

Ijumaa, 22 Machi

Umegeuzwa.

Jumatatu, 25 Machi

Umegeuzwa. Nimeurudisha.

Malkia siku hizi hagongi. Nampelekea chakula, anatazama ukuta. Zamani ikikaribia saa kumi na moja jioni alikuwa anachana nywele, anajipaka mafuta ya midomo, anaegemeza tableti kwenye mto kumsubiri kaka apige. Hiyo ndiyo saa pekee wanayopewa kule mtamboni. Leo nilipita saa hiyo nikamkuta amejifunika shuka hadi kidevuni, nywele hazijaguswa. Nikamwuliza kaka hajambo. "Muulize mwenyewe," akasema. "Si ndugu yako?"

Haya. Mwenye mimba husemwa ana gubu, na mimi sikumpa mimba.

Ijumaa, 29 Machi

Nimemkabili Mama Dobi. Sitaki kuandika nilivyosema lakini nitaandika. Nilimwambia, "Humu ndani tuko watatu. Mmoja hashuki kitandani, mmoja ni mimi, na paka hatuna. Basi hesabu mwenyewe."

Alikuwa ameshika beseni. Akaliweka chini taratibu. "Dada," akasema, "mimi nimefua nguo za nyumba hii miaka minane. Nimekuta pete mfukoni, nimekuta barua, nimekuta mambo. Chombo cha mtu sigusi. Hilo boksi lako nalizunguka na kitambaa kama naogesha mtoto."

"Basi limejigeuza."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akakausha mikono kwenye sketi yake, akaondoka na mvua ile. Nguo nimeanika mimi.

Jumanne, 2 Aprili

Mama Dobi hakuja. Ungo umegeuzwa.

Nimekaa nao jikoni nikiutazama. Nimeamua ni friji. Friji ni kuukuu, ikiwaka inatikisika mpaka vikombe vinagongana. Nimeubandika ungo na selotepu pande zote mbili.

Ijumaa, 5 Aprili

Selotepu imebanduliwa. Haikuraruka, imebanduliwa kwa ukucha na kubandikwa vizuri ubavuni mwa friji isipotee. Friji haijui kubandua selotepu.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Nafua mwenyewe, napika mwenyewe, naingia zamu saa tano asubuhi natoka saa kumi na mbili jioni, katikati napewa robo saa mbili za kupumzika, na zote nazitumia kukimbilia sebuleni kutazama boksi. Kila nikirudi nimelowa mabega. Kuta zinatoa jasho. Kuna wakati nasikiliza mgonjwa akisema kifua kinambana, namgeuzia daktari, na sijui kama nasema cha kwake au changu.

Malkia amepungua. Wali anauchokonoa tu.

Jumatatu, 15 Aprili

Umegeuzwa. Nimeurudisha. Umegeuzwa. Nimeurudisha. Leo mara mbili.

Jumanne, 16 Aprili

Sebule inavuja, kona ya karibu na friji. Nimeweka ndoo, lakini maji yanaruka na sakafu pale hulowa.

Leo nilipompelekea Malkia chakula cha mchana niliona malapa yake chini ya kitanda. Soli zilikuwa zimelowa. Chumbani kwake hakuvuji.

Nikasimama na sinia. Yeye alikuwa amefumba macho, lakini mtu aliyelala hapumui vile. Ningeweza kusema. Ningesema "wifi, unafuata nini sebuleni," naye angejibu, na baada ya jibu hilo ungo ungeshuka kutoka juu ya friji siku hiyohiyo. Majuma matano kabla ya mtihani. Nikaweka sinia, nikachukua malapa, nikayafuta na pindo la gauni langu, nikayaweka dirishani yakauke. Nikatoka.

Nimeandika ili nisije nikasema sikujua.

Alhamisi, 18 Aprili

Umegeuzwa. Nimeurudisha.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekwenda kupanda juu ya tangi nimpigie mkunga wake wa ng'ambo ya mto kumwuliza, kama habari tu, mwanamke aliyeambiwa alale akitembea kidogo inakuwaje. Akauliza, "Ametembea?" Nikasema hapana, nauliza tu. Akasema, "Basi usiulize tu. Mwangalie."

Jumanne, 23 Aprili

Nitaandika yote.

Saa kumi na moja na nusu jioni nilikuwa na mgonjwa wa pafu. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nilikuwa nimebana vipokea sauti kwa viganja viwili. Maongezi yalipokwisha ndipo nikaona vistari vimeshuka. Viwili. Kimoja. Nikasema moyoni, leo tena. Nikavuka ua kwa hasira, na nakiri nilikuwa nimeshapanga maneno.

Alikuwa amekaa chini mbele ya friji, miguu imenyooka kwenye maji ya kona, mgongo kwenye mlango wa friji. Ungo ulikuwa umegeuka nusu. Mkono mmoja ameshika tumbo na mwingine ameshika mguu wa kiti, na uso umekuwa rangi ya majivu.

"Sikuweza kurudi," akasema. "Nilipoinua mkono kitu kikanivuta hapa chini. Nikakaa."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipokuwa unasema vuta pumzi, shikilia. Mvua ilitulia kidogo nikakusikia. Nikavuta na mimi."

Hilo lilikuwa nusu saa nzima. Aliniita, nilikuwa na wagonjwa wa watu masikioni. Kijiko na glasi viko chumbani.

Nilimkokota. Sijui nguvu nilipata wapi, mwanamke ana mwili. Kwenye gauni kulikuwa na damu, si nyingi, upana wa kiganja, lakini ilikuwa damu. Daraja liko chini ya maji. Nikakimbia sebuleni nikaugeuza ungo mimi mwenyewe, tumbo likatazama chumba chake, nikampigia mkunga kwa tableti, na sura ikaja safi kama yuko mlangoni. Akatuelekeza: alale ubavu wa kushoto, mito chini ya miguu, vitambaa nihesabu, mtoto akicheza nimwambie. Tukangoja. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda nimeweka mkono juu ya tumbo lake, mkono ambao mwezi huu mzima ulikuwa unarudisha boksi. Mtoto alicheza saa moja kasorobo. Mkunga akasema damu ikiwa imekoma mpaka sasa tushukuru, na mama huyo akishusha mguu tena atakuja kumfunga kamba mwenyewe kwa kuogelea.

Tulipobaki wawili nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikuambie nini?" akasema, anatazama dari. "Mume wangu nina saa moja naye kwa siku. Tangu uweke hilo dude, anakuja vipande vipande. Anasema 'mke wa' kisha anaganda mdomo wazi. Nikadhani ameanza kunikwepa, mtu wa mbali ana mambo yake. Mpaka Mama Dobi akaniambia, mama, ule ungo wa dada unapeleka mtandao wote uani. Nikasema labda hajui. Nikainuka siku moja tu, nikaugeuza, nikapanga jioni nikwambie taratibu. Jioni hiyohiyo ukaandika."

"Nimeandika nini?"

Tableti ya kaka. Niliingia humo na akaunti yangu siku moja mwezi wa pili nikasahau kutoka. Kila ujumbe wangu unatokea kwake. Akanisomea bila kuangalia, kwa kichwa, kama mtu aliyekariri: "Tatizo si mimi, tatizo wifi. Dhaifu mno, na siku za mvua ndiyo kabisa. Nikihama hapa nitakuwa nimeachana na shida zote hizi."

Nikaivuta tableti nijionee.

"Najua mimi ni dhaifu," akasema. "Mimba mbili zimenitoka, sihitaji kuandikiwa. Lakini kumwambia mtu baki. Na yeye akakwambia jitahidi uhame."

"Wifi," nikasema. "Ile ni wifi. Ile ya hewani. Waifai."

Alinigeukia kwa mara ya kwanza. Nikamweleza tena: ruta, vistari, kukatika, mvua inapopiga mtandao unayumba. Aliurudia ujumbe ule midomo tu ikicheza, neno kwa neno, akiupima upya. Ilichukua muda.

"Kwa hiyo dhaifu ni ile ya juu ya friji."

"Ni ile ya juu ya friji."

Akaanza kucheka, kisha akashika tumbo akasema nisimchekeshe, mkunga amekataza, kisha akalia, na mimi nikalia. Mwezi mzima na siku nne mtu amelala na neno dhaifu kifuani, na mimi nilikuwa nje ya mlango nikihesabu vistari.

Malapa sikumwambia.

Jumatano, 24 Aprili

Damu imekoma. Asubuhi alisema, "Si ungekuja tu kufanyia kazi humu ndani?"

"Hukunikaribisha."

"Hukubisha hodi."

Nimehamisha meza, vipokea sauti, feni, kila kitu. Meza iko chini ya dirisha, mgongo wangu kwa kitanda chake. Vistari vinne, vyote vimejaa. Ungo nimeukunja nikautia chini ya masufuria.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Dobi na kilo mbili za sukari na aibu yangu. Aliniacha nisimame mlangoni mpaka aliposuuza nguo zote. Kisha akasema Jumanne atakuja.

Jumatano, 1 Mei

Mvua. Zamu nzima bila kukatika. Nikisema na wagonjwa, wifi ananyamaza kabisa, hata kukohoa anakohoa ndani ya mto. Zamu ikiisha ananihoji: yule wa mguu ilikuwaje, yule aliyesema hasikii ladha je. Saa kumi na moja naomba robo saa yangu nakwenda jikoni, wanaongea. Namsikia kaka anacheka kupitia ukuta.

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimemwambia kuhusu malapa. Nilisema yote: kwamba nilijua tangu tarehe kumi na sita, kwamba nilinyamaza kwa ajili ya mtihani, na siku saba zaidi akaendelea kuinuka.

Alikuwa anakata kucha. Akaendelea kukata.

"Nilijua," akasema. "Asiyejua haaniki malapa ya mtu."

Akahamia mkono wa pili. Nadhani hajanisamehe, na nadhani ana haki. Chumba ni kile kile kimoja, mlango mmoja, mvua nje, na kila mmoja wetu anajua alichofanya mwenzake.

Jumatatu, 13 Mei

Daraja limeanza kuonekana. Mtihani ni Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, dakika arobaini, na msikilizaji wa siri kwenye laini. Sijalala vizuri. Wifi anasema nisijikune nisipofika, niliyoyajua nimeyajua.

Jumatatu, 20 Mei

Kesho. Wifi ameniambia nisivae vile viatu vinavyolia nikitikisa mguu.

Alhamisi, 23 Mei

Sikuweza kuandika juzi wala jana.

Jumanne asubuhi alikuwa kimya, nikadhani ananihurumia. Uji aliunywa nusu. Saa tatu na nusu aliniomba nimpe taulo dogo, nikampa. Akasema, "Kaa sasa. Usigeuke nyuma, utapoteza mawazo." Nikakaa.

Mgonjwa wa mtihani alikuwa bibi mwenye maumivu ya kiuno. Nilikuwa nimetulia kuliko nilivyowahi kutulia. Daktari aliuliza na mimi nikageuza: Maumivu yalianza lini? Yanakuja na kuondoka, au yamekaa palepale? Yakija yanakaa dakika ngapi? Bibi akajibu, nikageuza. Nyuma yangu hapakuwa na sauti yoyote. Hata kitanda, ambacho kina chuma kinacholia mtu akivuta tu pumzi, hakikulia. Nilikumbuka hilo baadaye.

Saa nne na dakika arobaini na mbili msikilizaji alijitambulisha, akanishukuru, laini ikafungwa. Nilivua vipokea sauti, nikainua mikono juu, nikageuka nimwambie imekwisha.

Alikuwa ameng'ata taulo. Macho yamemtoka, jasho limelowesha mto, mikono miwili imeshika vyuma vya kitanda pande zote mbili ili visilie. Shuka lilikuwa limelowa mpaka miguuni. Akalitoa taulo mdomoni kwa vidole viwili. "Umemaliza?" akasema. "Kamwite mwenye pikapu."

Jirani mwenye pikapu alikuwa anaosha gari. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, mimi nimekaa upande wa kichwa chake, Mama Dobi, ambaye alikuwa amefika kufua, amemshika miguu. Kwenye daraja maji yaligusa nusu ya magurudumu. Hospitalini nesi wa zamu akauliza maumivu yalianza saa ngapi. Nikajibu mimi, "Sasa hivi, saa nne na nusu hivi."

"Saa mbili na nusu," akasema wifi.

Nesi akanitazama. Nilitaka kumzaba wifi kofi. Nilitaka kupiga magoti nibusu miguu yake. Nilisimama tu na kiatu kimoja.

Mtoto ni wa kike. Kilo moja na gramu mia tisa. Yuko kwenye kile kisanduku cha kioo, ana mpira puani. Daktari alinivuta pembeni akasema nusu saa zaidi na tusingekuwa tunaongea hivi. Akauliza nyumbani kulikuwa na nani, na mtu huyo alikuwa anafanya nini. Nikasema nilikuwepo mimi. Nilikuwa kazini.

Ijumaa, 24 Mei

Hajaanza kunyonya. Kaka yuko njiani, wamempa ruhusa.

Nimemwuliza wifi kwa nini. Alikuwa dhaifu, anaongea kwa vipande. "Nilishakukatia mara moja," akasema. "Ya mwisho isingekuwa mimi."

Nikamwambia huyo mtoto angekufa. Nilisema kwa sauti, mpaka mama wa kitanda cha pili akageuka. Akasema, "Nilikuwa nahesabu. Nilijua nina muda." Kisha akasema, "Nilidhani nina muda."

Jumapili, 26 Mei

Amenyonya kidogo, kwa sindano isiyo na ncha. Mvua hakuna.

Jumanne, 28 Mei

Mpira wa puani umetolewa saa mbili asubuhi. Analia kama mlango usiotiwa mafuta, na kila akilia wifi anatabasamu.

Saa nne matokeo yakaingia kwenye simu yangu, hapo hapo wodini. Sikutaka kuyafungua mbele yake. Akasema soma, na usome kwa sauti kama unavyosomea wagonjwa.

Nikasoma. Usahihi wa lugha: nane kwa kumi. Kasi: saba. Heshima kwa mgonjwa: tisa. Utulivu wa chumba: kumi kwa kumi. Chini yake msikilizaji ameandika kwamba kwa miaka yake yote ya kazi hajawahi kusikia chumba kimya namna ile, na angependa wakalimani wengine waige mfano wangu. Nimefaulu. Mkataba umeambatanishwa, unataka sahihi tu.

Nikaiweka simu juu ya blanketi. Nilimwambia nitawaandikia niwaambie ukweli, kwamba ukimya ule haukuwa wangu, alama zile waziondoe. Nilimwambia kazi yenyewe siitaki tena, nitakaa nao nyumbani nilee mtoto, chumba cha mjini kitanisubiri au kisinisubiri. Nilikuwa namaanisha.

Wifi aliichukua simu. Akairudia ile ya utulivu wa chumba, polepole, akaisoma tena. Kisha akanirudishia mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Tia sahihi, wifi," akasema. "Usifanye nikawa nimenyamaza bure."

Nimetia. Jina langu limetoka kama la mtoto wa darasa la kwanza.